Amana Katika Chungu

Wengi katika wasomaji wetu wa pwani hawaoni ajabu yo yote katika boganvilia. Huota ukutani, hufunika lango, hustahimili jua na kiu, na mwenye nyumba hupita mbele yake mwaka mzima bila ya kuiangalia. Ama sisi tulioletwa na riziki katika nchi ya Uingereza twaijua kwa namna nyingine, kwani huku aghalabu haivuki mwaka ila kwa mkono wa mtu.

Na yafaa ijulikane kwamba hata pwani kwetu boganvilia ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mtaalamu wa mimea wa Kifaransa, Philibert Commerson, aliikuta Brazil mwaka 1767, alipokuwa katika safari ya Louis-Antoine de Bougainville ya kuizunguka dunia, na mmea ukapewa jina la mkuu huyo wa safari. Tena yale tuyaitayo maua yake, mekundu au ya zambarau, si maua hasa, bali ni majani yenye rangi. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati.

Lililotufanya tuandike maneno haya ni amana. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Septemba, bibi mmoja jirani yetu, mzaliwa wa Mombasa, alisafiri kwenda kumwuguza dada yake, akatuachia chungu cha boganvilia iliyopandwa na marehemu mumewe. Hakusema mengi. Alisema tu, "Wanangu, nawaachia hii. Msiiache ikapigwa na baridi."

Tukaiingiza ndani kabla ya jalidi ya kwanza, tukaiweka mbele ya dirisha linaloelekea kusini. Lakini huku, katika mwezi wa Desemba, Magharibi huingia kabla ya saa kumi za jioni, hali pwani huingia karibu na saa kumi na mbili na nusu. Mwanga ukapungua, majani yakageuka manjano, yakapukutika moja moja, hata kufika Januari tukabaki na vijiti vyenye miiba.

Hapo kijana wetu wa miaka kumi na sita akatuambia, "Baba, hii imekwisha kufa. Kiangazi madukani hujaa. Tutanunua nyingine ya rangi ile ile, na Bibi hatatambua."

Maneno hayo yalitushughulisha kuliko majani yaliyoanguka. Kijana hakuwa na nia mbaya. Alitaka kumwepushia bibi huyo huzuni. Lakini amana si bei ya kitu, ni kitu chenyewe. Lau tungaliweka nyingine mahali pake na kunyamaza, tungalimrudishia rangi ile ile pamoja na uongo, na mti wa marehemu ungalikuwa jaani. Tukamjibu, "Mwanangu, ikiwa imekufa, tutamwambia imekufa. Lakini kwanza tuhakikishe." Tukakwaruza gome la tawi kwa ukucha, mahali padogo tu. Chini yake palikuwa pabichi, rangi ya kijani. Tawi la pili lilikuwa kavu, la tatu likawa bichi tena. Kijana akatazama kwa muda, kisha akaomba yeye ndiye awe mwangalizi.

Aliyoyafanya ndiyo yampasayo kila mwenye mmea huu katika nchi za baridi. Kwanza ni joto. Penye nyuzi 10 za sentigredi au zaidi, na mwanga ukitosha, huweza kubaki na majani yake. Baridi ikizidi hapo huyaangusha na kulala, na jalidi kali huiua. Basi kuanguka kwa majani peke yake si kufa. Pili ni maji, na hapa ndipo wengi wapoteapo. Mtu akiona majani yaanguka hudhani mmea una kiu, akauzidishia maji. Mmea usio na majani hunywa kidogo mno, na udongo ukituama maji wakati wa baridi, mizizi huoza. Chomeka kidole katika udongo. Ukihisi unyevu, usitie maji. Tatu, usitie mbolea mpaka machipukizi yatokee. Nne, baridi ikikaribia kwisha, pogoa: ondoa matawi makavu na kufupisha yaliyo marefu, kwa kuwa maua hutoka katika machipukizi mapya. Ukihamisha chungu usiitikise mizizi, maana hukatika upesi. Tano, usiitoe nje mpaka hatari ya jalidi ipite, nayo huku aghalabu ni mwisho wa Mei. Na uitoe kidogo kidogo, saa chache kila siku, hata izoee jua na upepo.

Bibi alirejea mwezi wa Machi, hali halijatokea chipukizi hata moja. Kijana alimpelekea chungu kwa mikono yake mwenyewe, akamweleza yote, hata lile shauri lake la kununua nyingine. Bibi akakwaruza gome, akainama kutazama, akasema, "Imelala, mjukuu wangu. Marehemu alikuwa akiikwaruza hivi hivi kila mwaka." Aprili ikachipua, Julai ikavaa rangi yake.

Enyi vijana wetu, mtawekewa amana nyingi zisizosema wala kulalamika: mmea, kitabu, mzazi aliyekongoka, mtoto wa jirani. Mara nyingi mtunzaji hupitisha miezi bila ya kuwa na lo lote la kuwaonyesha watu, na katika miezi hiyo ndipo nafsi humnong'oneza kwamba kitu chaweza kubadilishwa na mwenyewe asijue. Msiisikilize. Yaangalieni yaliyo chini ya gome kabla ya kukata tamaa, na mkweli awe mkweli hata chungu kikiwa na vijiti vitupu. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kuzitimiza amana zetu. Amin.