Shizuoka: Mji wa Magari Madogo

Iwapo utaulizwa ni mji gani wa Japani unaosifika kwa magari, yamkini utautaja Toyota, ambao mwaka 1959 ulibadili jina lake na kuchukua la kampuni hiyo mashuhuri. Hutakuwa umekosea. Lakini mashariki yake, katika njia ya reli iendayo Tokyo, uko mji wa Shizuoka, nao pia unasifika kwa magari. Tofauti ni kwamba magari ya Shizuoka hayafiki hata magotini mwako.

Tufunge safari basi. Kutoka Tokyo utapanda treni iendayo kasi. Uchague mojawapo ya zile ziitwazo Hikari zinazosimama Shizuoka, kwani ziitwazo Nozomi hupita hapo bila kutua. Safari ni ya kilomita 180 na huchukua kama saa moja tu. Keti upande wa kulia. Mawingu yakikuridhia utauona Mlima Fuji, wenye urefu wa meta 3,776. Kwa Kilimanjaro yetu yenye meta 5,895 huo ni mdogo, lakini nao umesimama peke yake juu ya nchi tambarare, na wenyeji wanauheshimu kama sisi tunavyouheshimu wa kwetu.

Shizuoka ni mji wa chai ya kijani na wa mafundi. Mtawala Tokugawa Ieyasu alirudi kukaa hapa mwaka 1607 na akafia hapa mwaka 1616, na tangu zamani kazi ya mbao imekuwa sifa ya wakazi wake. Mwezi Juni 1945, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mabomu yaliteketeza sehemu kubwa ya mji. Mwaka uliofuata mwananchi mmoja, Yoshio Tamiya, alianzisha biashara ya kupasua na kuuza mbao. Mwaka 1947 alianza pia kutengeneza meli na ndege ndogo za mbao za kuungaunga, na mwaka 1953 akaacha kabisa kuuza mbao za kujengea nyumba, akashika kazi ya vyombo vya mfano peke yake. Plastiki kutoka nchi za nje ilipoanza kuua soko la mbao, kampuni ya Tamiya nayo ilihamia kwenye plastiki mwaka 1960.

Leo kampuni kadhaa za vyombo vya mfano zina makao yao katika mji huu na jirani zake, na kwa kawaida kila mwezi Mei hufanyika maonyesho makubwa katika jumba liitwalo Twin Messe. Hata mapambo ya mji yanakutangazia kazi yake. Utakuta sanduku la posta na simu ya umma vimezungukwa na fremu yenye vipande vyake, mithili ya mfano ambao bado haujaungwa.

Mwaka 1976 Tamiya walitoa gari lao la kwanza la umeme linaloongozwa kwa redio, mfano wa Porsche 934. Shunsaku Tamiya, mwana wa mwanzilishi, alinunua Porsche ya kweli na kuifungua kipande kwa kipande ili aone kila kitu kinavyokaa. Bwana huyu alifariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 90, na alichokiacha ni desturi hiyo hiyo: gari lake huuzwa likiwa vipande ndani ya boksi, na mnunuzi hulijenga mwenyewe.

Miongoni mwa magari hayo liko moja lililotoka mwaka 1987, liitwalo Clod Buster. Ni lori dogo lenye magurudumu makubwa ajabu, lililoiga malori ya maonyesho ya Marekani. Asili ya malori hayo ni Bob Chandler, fundi wa karibu na mji wa St. Louis, aliyekuwa na gari la Ford F-250 la mwaka 1974. Alifunga matairi makubwa zaidi, ekseli zikavunjika. Akafunga ekseli nzito za magari ya jeshi, injini ikashindwa. Akafunga injini yenye nguvu zaidi, akataka matairi makubwa zaidi. Mwaka 1981 lori lake, Bigfoot, lilipanda juu ya magari mabovu na kuyaponda, na watu wakafurika kutazama.

Kisa cha Chandler ndicho somo lote la kuligeuza lori dogo la umeme liwe la mashindano. Nguvu hutoka kwenye betri, huingia kwenye mota, hupita kwenye gia, difu na ekseli, ndipo ifike kwenye gurudumu. Ukiongeza nguvu mahali pamoja, umekwisha kutafuta udhaifu wa mahali pengine. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na gia nazo ni vivyo hivyo.

Chukua hesabu ndogo. Gia iliyo kwenye mota ikiwa na meno 15, na gia kubwa inayoizungusha ikiwa na meno 60, mota itazunguka mara 4 ili gia kubwa izunguke mara moja. Ukiweka gia ya mota yenye meno 20, mota itazunguka mara 3 tu. Gari litakuwa na uwezo wa kwenda kasi zaidi, lakini nguvu ya kuvuta itapungua na mota itapata moto. Kumbuka tena kwamba gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 16 hutembea kama nusu meta kwa mzunguko mmoja, mara mbili ya gurudumu la sentimeta 8. Kwa hiyo lori la magurudumu makubwa huhitaji gia za kuvuta kuliko gari dogo la mbio. Kijana mwenye busara hukimbiza gari lake dakika chache, hulisimamisha, na hupeleka mkono karibu na mota. Ikiwa haigusiki kwa joto, hupunguza meno kabla ya kufikiria mota mpya.

Clod Buster lina mota mbili, moja juu ya kila ekseli, wala halina propela ya kuunganisha mbele na nyuma. Kwa kuwa ekseli hizo hutazamana, mota moja huzunguka kinyume cha mwenzake. Mota iliyorekebishwa izunguke vizuri upande mmoja hulegea ikizungushwa upande wa pili, na mshindani asiyelijua hilo atashangaa kwa nini mbele na nyuma vinavutana. Aidha, kila mota inapovuta, ekseli nayo hutaka kujipindua. Ndiyo maana wanaoshindana hufunga vyuma virefu vya kuishikilia kwenye chesesi. Wengi hukaza difu ili gurudumu lililo hewani lisizunguke bure, ingawa gari hukata kona kwa shida zaidi na ekseli huumia. Wengine huondoa bushi na kuweka beringi, kazi ndogo inayopunguza msuguano bila kuvunja chochote.

Huenda ukasema, mambo haya ni ya watoto wa matajiri. Ni kweli kwamba bei ya lori kama hilo ni mzigo kwa mshahara wa mfanyakazi, wala hatukuhimizi ulinunue. Lakini jambo la thamani katika boksi la Shizuoka si plastiki, bali ni ile ruhusa anayopewa mtoto ya kufungua, kuharibu kipande kimoja, kukitafuta na kukirudisha. Watoto wetu wanayo tayari. Wanasuka magari ya waya na kukata magurudumu kutoka ndala zilizochakaa, nasi mara nyingi tunawafukuza kwa kuchafua uwanja. Tunawanyang'anya bisibisi, kisha tunalalamika kwamba hawapendi ufundi.

Jumapili hii, msomaji, kama iko baiskeli nyumbani, ipindue magurudumu juu. Mwite binti yako au mwanao ahesabu meno ya gia ya mbele na ya nyuma. Akipata 48 na 16, mwulize gurudumu litazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa pedali. Akikujibu mara 3, mwulize la pili: tukitaka kupanda mlima na mzigo wa mkaa, tubadilishe gia ipi? Kisha mwache ajaribu mwenyewe, hata akichafua mikono kwa grisi.