Ramani ya Vipande 500

Mwezi wa Desemba hapa kwetu Lubumbashi mvua haina mchezo. Siku iliyofuata Noeli ilitufungia nyumbani tangu asubuhi, umeme nao ukakatika kama kawaida yake. Ndipo tulipofungua sanduku la nkambo wetu mwanaume, aliyetuacha mwezi wa Oktoba. Chini ya nguo zake tulikuta kartoni yenye vipande vya mbao: ramani ya Kongo ya wakati wa Wabelgiji, iliyokatwa vipande 500.

Mchezo huu ulianza kwa ramani. Katika miaka ya 1760 John Spilsbury, mchora ramani wa London, alibandika ramani juu ya ubao, akaukata kwa msumeno akifuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia. Anayefikiri ni kazi ya watoto wadogo, na aje akae nasi mbele ya msitu wa Ikweta! Kijani, kijani, kijani tu. Kandokando tulimaliza kwa siku moja, na mito ilituongoza vema. Lakini msitu ule ulitula siku 5, mishumaa 7, na ugomvi mmoja ambao afadhali tusiusimulie.

Nkambo mwanamke, tangu mazishi, hakuwa na maneno. Alikaa kitini pake akijibu "ndiyo" na "hapana", basi. Tarehe 3 Januari tulifika Katanga, na wadogo wakalalamika kwamba Lubumbashi haimo.

"Mnatafuta nini?" akauliza. Akasogeza kiti. "Ni hii hapa. Elisabethville."

Kweli, jina lile lilibadilishwa mwaka 1966. Kidole chake kikafuata njia ya reli kwenda kaskazini-magharibi, kikaangukia tundu. Kipande kilikosekana. Tulitafuta chini ya meza, ndani ya sanduku, hata katika mifuko ya makoti ya marehemu. Hakuna.

"Hapo ndipo nilipopandia gari la moshi mwaka 1964, nije kuolewa," akasema. Akatusimulia mpaka usiku: kuku wawili ndani ya kikapu, mjomba wake aliyelala njia nzima, na kijana aliyemngoja stesheni amevaa viatu vya kuazima.

Mdogo wetu akakata kipande cha kartoni, akataka kuandika Likasi, kama alivyofundishwa shuleni.

"Siku ile nilitoka Jadotville," nkambo akasema. "Andika hivyo."

Akaandika, akaisahau herufi t. Nkambo hakuona, ama aliona akanyamaza.