Filamu Isiyopendeza na Fedha ya Tiketi

Siku chache baada ya Idd, ndugu mmoja katika jamaa ya msikiti wetu alinijia baada ya swala ya Isha akiwa na jambo linalomkereketa. Aliwapeleka wanawe watatu sinema, akanunua tiketi nne, na kabla filamu haijafika nusu akawanyanyua wakatoka. Alipodai fedha yake dirishani, binti muuza tiketi alimjibu kuwa filamu ikishaanza hakuna kurudishiwa. Maneno yakapanda, watoto wakiwa kando wanamtazama baba yao. "Ustadhi," aliniuliza, "fedha yangu haikuliwa kwa dhulma?"

(Kama kuingia sinema kwenyewe kunafaa, huo ni mlango mwingine ambao masheikh wetu wameuzungumza sana. Aliyeniuliza alikwisha kuingia na kutoka.)

Nilimtaka kwanza anieleze kilichomtoa. Alitaja mambo mawili kana kwamba ni moja: hadithi ilichosha, na mlikuwa na maneno machafu, ilhali tangazo la ukutani lilisema ni filamu ya familia nzima. Katika fikihi mawili hayo hayakai kapu moja. Tiketi ni ijara, kwa kuwa hununui filamu bali manfaa ya kuitazama. Na huko nako, kama katika mauzo, mwenye kulipa ana khiyari akikuta aibu ambayo hakuijua. Kuchoshwa si aibu. Jirani yake wa kiti huenda alikuwa anacheka.

La pili ndilo zito. Muuza machungwa humkatia mteja kipande akaonja kabla ya kutoa fedha. Filamu haionjeki hivyo. Ukishaitazama, umekwisha kuitumia. Mnunuzi hana cha kushika ila sifa aliyopewa: picha ya ukutani, trela, umri wa watazamaji uliotajwa. Sifa ikiwa ya uongo, ameuziwa kisichokuwapo. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu ndani, mwenye chakula alisema ni mvua. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini hakuuweka unyevu juu watu wauone.

Hata wasio wa dini yetu wamelifikia hilo. Nchini Marekani watu wawili walikodi filamu ya Yesterday kwa dola 3.99 kila mmoja kwa sababu ya mwigizaji waliyemwona katika trela, kumbe katika filamu ameondolewa. Walishtaki, na Desemba 2022 jaji alikataa hoja kwamba trela ni sanaa tu isiyoweza kuhojiwa kama tangazo la biashara. Hapa kwetu Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mteja.

Basi nilimshauri arudi kwa meneja, si kwa yule binti ambaye hakuandika tangazo wala hana ufunguo wa kasha la fedha. Ayataje maneno yale machafu, na neno "inachosha" aliache nyumbani. Nikamwomba aende na mwanawe mkubwa. Mtoto aliyemwona baba akipaza sauti kwa kuwa filamu haikumpendeza ameona mtu anayekula nusu sahani kisha anadai bei yote. Alikwenda. Alirudishiwa fedha ya tiketi za watoto, ya kwake hapana, naye akaridhika.

Ipo pia ikala, nayo inawahusu zaidi wenye maduka miongoni mwetu. Hii ni kumfungua mnunuzi aliyejuta ingawa hana haki ya kudai, na Mtume (s.a.w.) amemuahidi afanyaye hivyo kusamehewa kuteleza kwake na Mwenyezi Mungu. Karatasi ya "mali ikishauzwa hairudishwi" nimeiona katika maduka mengi ya waumini, mojawapo ikiwa imebandikwa chini kidogo ya Ayatul Kursiyyu. Bado sijaona inayosema: ukijuta, irudishe kesho.