Lango Lililofungwa Jumanne



Huenda nawe umepata kuona namna watu wa nyumba moja, wanaopendana na kusikilizana kwao, wanavyogeuka mahasimu ugenini kwa sababu ya mlango mmoja uliofungwa. Sisi yalitufika Istanbul, nchini Uturuki, nami nayaeleza kwani sidhani kuwa ni yetu peke yetu.

Jumba la Topkapi lilianza kujengwa miaka michache baada ya Sultan Mehmed wa Pili kuuteka mji huo mwaka 1453, na Masultani wa Kiosmani wakalikaa kwa karibu miaka 400. Tangu mwaka 1924 ni makumbusho. Humo kimo chumba cha Amana Tukufu, na miongoni mwa amana hizo ni joho linalonasibishwa na Bwana Mtume (s.a.w.). Mama yetu, mtu wa Tanga, umri wake miaka sabini na ushei, alikuwa akilitaja joho hilo tangu siku tulipokata tikiti. Wakala aliyetupangia safari akaiweka ziara hiyo siku ya mwisho, Jumanne. Na Jumanne, msomaji, ndiyo siku ambayo Topkapi hufungwa kila wiki. (Madereva wa teksi wanajua, wauza maji wanajua.) Ndege yetu ilikuwa alfajiri ya Jumatano.

Kaka yangu, ambaye ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama, alisimama kando ya birika la Sultan Ahmed wa Tatu akimfokea wakala kwa simu mpaka wapita njia wakageuka. Shemeji akamwomba apunguze sauti; akamfokea naye. Watoto wakanyamaza kile kimya cha watoto wenye hofu. Ilhali hatua chache tu kutoka pale ipo Aya Sofia, iliyokamilika mwaka 537, na mbele yake Msikiti wa Sultan Ahmed na minara yake sita, majengo ambayo watu huvuka bahari kwenda kuyaona. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinua macho.

Kwa hakika hasira ya msafiri ina ubaya wake wa pekee. Nyumbani mtu akiudhika hutoka barazani, huenda msikitini, hukutana na jirani, ikampoa. Safarini hana pa kuipeleka ila kwa wale aliofuatana nao. Na fedha huichochea: kila saa tumeinunua, basi inayopotea tunaiona imeibiwa, na kwa kuwa mwizi hatumpati, tunamkamata aliye karibu.

Mama ndiye aliyesema. "Mwanangu, huyo wakala yuko mbali, hauoni uso wako ulivyokunjamana. Anayeuona ni mkeo." Kisha akauliza, "Kwa Abu Ayyub ni mbali?"

Si mbali. Basi hupita kandokando ya Pembe ya Dhahabu, ule mkono wa bahari unaoingia mjini. Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) alifariki katika jeshi lililouzingira mji huu zama za Muawiya, naye keshakuwa mzee, akazikwa karibu na kuta zake. Msikiti unaoonekana hapo leo ulikamilika mwaka 1800. Tukasali adhuhuri, tukaketi uani. Joho mama hakuliona, na sidhani kama ataliona tena. Hilo lina uchungu wake nami silipambi.

Akawahadithia wajukuu. Bwana Mtume alipoingia Madina mwaka 622 kila ukoo ulitaka ashukie kwao, akawaambia wamwachie ngamia njia, kwani ameamrishwa. Akapiga magoti karibu na kwa Abu Ayyub. Mtume akakaa chini, wenyeji wakakaa juu. Usiku mmoja mtungi wa maji ukavunjika huko juu, na mume na mke wakayakausha kwa blanketi lao, nalo lilikuwa hilo hilo moja, yasije yakamdondokea mgeni.

"Wakajifunika nini, bibi?" akauliza mdogo.

"Hilo sikuhadithiwa. Wala sikuhadithiwa kama waliulizana nani kauvunja mtungi."

Kaka alikuwa ameketi nasi, akitazama chini. Akainuka kwenda kununua ile mikate yao ya duara yenye ufuta, na shemeji akamfuata amsaidie kubeba, ingawa mikate sita si mzigo.