Niligoma Nikiwa na Chaki Mkononi

Mwaka wa shule wa 2019–2020 nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya msingi huku Kadutu, Bukavu. Shule sitaitaja, maana kosa ni langu peke yangu. Mwaka ule niligoma miezi mingi na hakuna aliyejua: direkta hakujua, inspekta hakujua, wazazi hawakujua. Nilifika kabla ya kengele. Nilijaza jurnali ya darasa kwa wino wa bluu, vichwa vya masomo nikavipigia mstari mwekundu. Fishi zangu za maandalizi zilisifiwa mbele ya wenzangu. Kisha niliingia darasani nikafanya kila niwezalo nisifundishe.

Chanzo anakijua kila mwalimu wa Kongo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, mshahara wa serikali ulipoporomoka, shule zetu zilibebwa na wazazi. Kila mtoto alileta prime ya mwalimu, yaani pesa za kumlipa, na asiyeileta alifukuzwa, akashuka mlima asubuhi na begi lake mgongoni huku wenzake wakimchungulia dirishani. Ulikuwa utaratibu mbaya, na ndio uliotulisha. Mimi nilikuwa N.U., yaani Nouvelle Unité, mwalimu ambaye jina lake halijaingia kwenye orodha ya SECOPE, idara iliyosimamia malipo ya walimu. Wenzangu waliokwisha kumekanizwa, yaani kuingizwa kwenye orodha hiyo, walikuwa na kitu kidogo kutoka serikalini pamoja na prime. Sisi N.U. tulikuwa na prime tu.

Septemba 2019 Rais Félix Tshisekedi akaanza kutekeleza kifungu cha 43 cha Katiba ya 2006, kinachosema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Prime ikafutwa. Sisi tukaambiwa tusubiri, tutahesabiwa.

Huku sisi tukisubiri, watoto walifurika. Benchi la watatu likakaliwa na watano, na darasa langu likapita watoto themanini. Walikuja waliokuwa wakiuza mandazi na maji sokoni Nyawera, wakaja vijana wakubwa wenye sauti zilizoanza kuwa nzito, wakaketi na watoto wa miaka kumi bila aibu. Wiki za kwanza waligombania kufuta ubao. Niliuliza swali dogo la hesabu, mikono yote ikawa juu, wengine wakisimama kabisa na kupiga vidole: “Mwalimu, mimi! Mwalimu, mimi!” Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijaona tena hamu kama ile. Ilinikera. Niliona kama kila mkono ulioinuka ulikuwa unanikumbusha prime ambayo mwenye mkono huo halipi. Ni aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyohisi.

Basi nikapata njia yangu, njia ya kunakilisha. Nilifungua daftari langu la zamani, nikajaza ubao kutoka kona hadi kona, watoto wakanakili. Walipomaliza nikafuta, nikajaza tena. Kengele ikilia, somo limekwisha. Njia hii ina faida zake kwa mwalimu mvivu. Darasa linanyamaza, direkta akipita barandani anaona vichwa themanini vimeinama na kalamu zinatembea, anapita akiridhika. Daftari za watoto zinajaa, mzazi akizifungua jioni anasema kweli huyu mwalimu anafanya kazi. Na mwalimu mwenyewe anaketi mezani akiwaza kodi ya nyumba.

Kufikia Novemba hapakuwa tena na mkono unaoinuka. Nilipouliza “Tumeelewana?”, darasa zima lilijibu kwa pamoja, kwa sauti ya kuvuta, “Ndiyo, Mwaliiimu.” Sauti ile niliizoea. Sikujiuliza imetoka wapi.

Darasa la tatu lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa wa mbao, kila neno linapita. Huko alifundisha mama mwalimu mmoja, N.U. kama mimi, mwenye watoto wengi kuliko wangu. Alikuwa amekusanya vizibo vya bia ya Primus mfuko mzima, watoto wanahesabia, wanavipanga sakafuni kumi kumi, wanabishana. Makelele yake yalinisumbua. Siku moja niligonga ukuta. Mchana tulipokutana nje aliniomba radhi kwa kelele, kisha akaniuliza, bila ukali, kwa nini kwangu kuko kimya hivyo. Nikamjibu kwamba serikali inanilipa kimya, na mimi ninawafundisha kimya. Nilidhani nimesema jambo la maana.

“Papa,” akasema, “mimi sendika ikisema tugome, ninabaki nyumbani, ninauza samaki wangu wa sambaza, na direkta anajua kwamba nimegoma. Wewe unagoma mbele ya watoto. Wao wanajua?”

Nilikasirika nikaondoka. Naomba hapa mtu wa wizara asinukuu maneno ya mama huyu kama ushahidi kwamba mwalimu anaweza kuishi kwa moyo wa kujitolea. Yeye mwenyewe aligoma kila ilipobidi, na alikuwa na haki. Oktoba 2021 mgomo wa walimu ulipochukua muda mrefu, watoto wa shule za Kikatoliki kule Kinshasa waliandamana hadi wakaingia Palais du Peuple, jengo la Bunge, kudai walimu wao warudi. Watoto wale walijua tatizo liko wapi na walikwenda kuligongea mlango. Mgomo ulio wazi unamwachia mtoto angalau hilo: anajua anadai nini na kwa nani. Wangu walikuwa na mwalimu kila siku, wangeandamana kwenda wapi?

Sasa nifike kwenye kosa lenyewe, maana hadi hapa bado ninazunguka.

Ilikuwa jiografia, somo la Ziwa Kivu. Shule yetu iko mlimani, madirisha yake hayana vioo, na ukisimama mahali pa mwalimu unaliona ziwa hadi ng’ambo ya Rwanda. Watoto walikuwa wamelipa mgongo. Nikajaza ubao kwa Kifaransa: kimo cha ziwa mita 1,460 juu ya bahari, kina chake karibu mita 480, gesi ya metani chini, kisiwa cha Idjwi katikati. Kisha nikaandika sentensi iliyokuwemo katika daftari langu tangu nilipolinakili kwa haraka, miaka mingi nyuma, kutoka kwa mwalimu mwenzangu: kwamba Ziwa Kivu linapokea maji ya mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Tanganyika.

Mkono ukainuka nyuma. Ulikuwa wa kwanza kwa wiki nyingi. Mtoto alisimama, akaanza kwa Kiswahili: “Mwalimu, hiyo Ruzizi…”

Nikamkata: “Uliza kwa Kifaransa.”

Darasa la tano masomo yanatolewa kwa Kifaransa, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kisheria, na nilijua kabisa kwamba hawezi. Mwaka mmoja kabla hakuwa shuleni. Alisimama akiutafuta mdomoni ule mwanzo wa sentensi, “Maître, la… la…”, wenzake wa mbele wakaanza kucheka, nami nikawaacha wacheke. Akaketi. Nikageukia ubao nikaendelea na samaki.

Sikumpiga mtoto yule wala kumtukana. Nilitumia lugha kama mlango na nikamfungia nje, tena lugha ambayo kazi yangu ilikuwa kumfundisha. Na nilifanya hivyo kwa sababu kujibu swali kungenilazimu kufikiri, nami sikuwa nalipwa kufikiri.

Machi 2020 nikawapa intero, yaani jaribio. Swali la nne liliuliza Ruzizi inatoka wapi na kwenda wapi. Nilikuwa nasahihisha kopi chini ya mti wa avokado uani, mama mwalimu wa darasa la tatu akisahihisha za kwake kwenye benchi hilohilo. Karibu wote waliandika kama nilivyowaandikisha, nikawapa pointi. Mmoja tu alijibu kwa Kiswahili, kwa kalamu iliyokuwa inaishiwa wino: “Maji yanatoka huku. Niliyaona kwenye daraja.” Nikachora sifuri nyekundu, nikaenda kwenye kopi nyingine.

Mama mwalimu alikuwa ameona. Akaichukua ile kopi.

“Huyu umempa sifuri kwa nini?”

“Ameenda kinyume na daftari.”

“Na mto umeenda upande gani?”

Mtu wa Bukavu aliyewahi kuvuka Ruzizi ya kwanza kwenda Kamembe hahitaji ramani. Maji yanaondoka ziwani hapo mjini, yanapita chini ya daraja, yanashuka kuelekea kusini kati yetu na Rwanda, kisha Burundi, mpaka Tanganyika, ambayo iko karibu mita 770 tu juu ya bahari. Yangetoka Tanganyika yangelazimika kupanda karibu mita 700. Umeme unaowasha taa zetu, siku zinapowaka, unatokana na mteremko huo. Nilivuka daraja lile mara nyingi sana maishani na bado niliandika kinyume chake ubaoni, mwaka baada ya mwaka, kwa sababu mkono ulikuwa unanakili na kichwa hakikuwepo. Yule mtoto, nilikuja kuambiwa, alikuwa anamsaidia mama yake Jumamosi kuvusha nyanya kutoka upande wa pili. Alichokuwa anataka kuuliza ndicho nilichopaswa kufundisha.

Ningeweza kumaliza hapa kwa kusema kwamba kesho yake nilisimama mbele ya darasa nikaomba msamaha. Sikufanya hivyo. Nilificha zile kopi kwenye droo, nikijiambia nitatafuta namna. Tarehe 18 Machi Rais akatangaza kufunga shule kwa ajili ya korona. Nilipumua. Nirudie ili ieleweke: ugonjwa uliingia nchini, shule zikafungwa, na mimi nilifurahi kwa sababu sikuwa na lazima ya kurudisha kopi.

Mwaka mpya wa shule ulipoanza Oktoba, watoto wangu walikuwa darasa la sita, vyumba viwili tu kutoka kwangu. Ningeweza kwenda dakika tano, mwalimu wao asingenikatalia. Nilipita mbele ya mlango ule kila siku. Yule mtoto sikumwona, nikaambiwa familia imehama. Waliobaki walikwenda kwenye mtihani wa mwisho wa shule ya msingi na mto wangu unaopanda mlima. Aibu ya kusema “niliwadanganya” ilinishinda mwaka mzima, na kwa hili sina prime wala SECOPE ya kusingizia.

Kilichobadilika ni kwamba daftari lile la zamani nililichoma jikoni. Sikupata mshahara ndipo nikabadilika. Jina langu liliingia orodhani baadaye sana. Nilianza na jambo dogo. Kabla ya kuandika chochote ubaoni ninawaacha waulize, kwa lugha yoyote waliyo nayo, Kiswahili au Mashi, kisha tunalitafutia swali hilo Kifaransa chake pamoja. Kwa watoto themanini haiwezekani kujibu wote, basi kila safu inachagua swali moja. Siku nyingine safu zinachagua upuuzi, wanacheka, muda unapotea, direkta ananikumbusha programu. Ziko pia siku ambazo nimechoka na ninarudi kunakilisha. Nadanganya nikisema zimekwisha.

Lakini somo la Ziwa Kivu ninalifundisha sasa watoto wakiwa wamegeukia dirisha. Mwaka mmoja msichana wa safu ya tatu aliuliza: kama Ruzizi inashuka kwenda Tanganyika, na tunaambiwa sambaza asili yao ni Tanganyika, walipandaje huku? Nilisimama nikiwa sina neno, kisha nikawaambia ninyi mnaonaje. Darasa likawaka. Mmoja akasema waliruka maporomoko, mwingine akasema ndege waliwaleta, wakabishana mpaka kengele ikalia na hakuna aliyetoka. Jibu ni kwamba waliletwa na watu, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakapandikizwa ziwani, na leo ndio kitoweo cha mji mzima. Niliwapa jibu hilo siku iliyofuata. Usiku ule nililala nikijisikia mwalimu, jambo ambalo mwaka wa 2019 nilidhani haliwezekani bila bahasha.

Wenzangu walimu, hasa ninyi ambao bado ni N.U., daini haki zenu, na mkigoma gomeni mlangoni, mbele ya watu. Mkiingia darasani, fungueni kwanza daftari zenu za zamani mzisome kama mnasahihisha za mtoto.

Na ninyi mliokuwa darasa langu la tano mwaka ule, leo mko humanités, yaani sekondari ya juu, wengine mmetawanyika na vita. Nilipaswa kuwaambia haya nikiwa mlangoni kwenu Oktoba 2020. Futeni nilichowaandikisha: Ruzizi inatoka Ziwa Kivu, hapa Bukavu, na kumwaga maji yake Tanganyika. Swali la nne lilikuwa na jibu moja sahihi katika darasa zima, na nililipa sifuri.