Neno Nililolikata kwa Wino Mwekundu

Kwa zaidi ya miaka 30 nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari. Nilifafanua vina na mizani, nikapambanua ngeli, nikasahihisha insha zisizo na idadi. Nilipostaafu na kurejea hapa Mbugani, Kyela, niliamini kwamba bustani ya mboga haitanishinda. Nani asiyejua kupanda?

Nilitifua kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, nikamwaga pakiti nzima ya mbegu za nyanya chungu, nikazifukia kwa kina cha kidole. Ilikuwa Aprili, na aijuaye Kyela anazijua mvua za mwezi huo. Maji yalituama siku tatu. Hakikuota kitu. Mbuga ni nchi tambarare, na maji huipenda. Jina la mahali lilikuwa limenionya, nami mwalimu wa lugha sikulisikia.

Jirani yangu, mama mwenye shamba la kakao na migomba, alisimama akalitazama dimbwi langu.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mbona hukuzisia kwanza kitaluni?”

Neno hilo lilinichoma. Mama huyu aliwahi kuwa mwanafunzi wangu. Katika insha kuhusu kazi za nyumbani kwao aliandika kwamba mama yake “husia mbegu”. Nililikata kwa wino mwekundu, nikaandika pembeni: “Hakuna neno hili. Andika hupanda.” Alinifuata ofisini kunieleza, nikamrudisha darasani. Kamusi ilikuwa mezani, nami sikuifungua.

Niliifungua usiku ule. Neno limo: kusia ni kutawanya mbegu ardhini.

Tangu hapo yeye ndiye mwalimu. Alinifundisha kuinua tuta hadi kimo cha shibiri moja, ili maji yapite pembeni, na kulifanya liwe na upana usiozidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila mguu kukanyaga udongo. Nilichanganya samadi iliyooza, nikachora mifereji myembamba, nikasia mbegu chachechache, nikazifunika kwa udongo kidogo na nyasi kavu. Zilipochomoza, tuliziondoa nyasi, miche isije ikarefuka kwa kutafuta mwanga. Kisha tukaipunguzia: iliyosongamana ikang'olewa, iliyobaki ikapata nafasi. Kila tendo lilikuwa na kitenzi chake, na kitenzi kimoja, “kupanda”, nilichomlazimisha atumie, kisingeyatosha yote.

Siku moja, tukipalilia, niliungama kosa langu. Aliendelea kung'oa magugu.

“Mwalimu, zile alama nilikwisha kuzisahau. Ila tangu siku ile sikunyoosha tena mkono darasani.”

Sikuwa na la kujibu. Nimewahi kuhubiri kwamba lugha huishi vinywani mwa wakulima, wavuvi na mafundi; kumbe iliponijia kutoka kinywani mwa binti wa mkulima, niliifukuza. Ndugu wasomaji, ninyi mnaotunga na kusahihisha, kalamu ikitaka kulikata neno msilolijua, ulizeni kwanza limetoka shamba gani.

Miche imefikia kimo cha kiganja. Kesho jioni, jua likipoa, tutaihamishia kwenye matuta makubwa. Ameniagiza niinyweshe maji kwanza, ili mizizi itoke na udongo wake. Nimeandika maneno yake daftarini, kama alivyoyasema, bila kusahihisha hata herufi.