Kipande cha Kujaribia

Ndugu vijana, hapa Butembo, kama katika milima yote ya Lubero, asubuhi huwa na baridi, na triko la mtoto si pambo. Ndiyo maana hutufurahisha kuwaona mkijifunza kufuma.

Vyombo ni vichache: sindano mbili ndefu, uzi wa sufu, mkasi na utepe wa kupimia. Unene wa sindano huhesabiwa kwa milimita, nao hufuata unene wa uzi. Wengine hunoa spoku za baiskeli; hizo, kwa kuwa ni kama milimita 2 tu, zafaa uzi mwembamba. Tendo lenyewe ni fupi: ingiza sindano ya kuume katika kitanzi, zungusha uzi, uvute upite, kisha kitanzi cha zamani kiache sindano.

Wavulana hukaa kando wakisema ni kazi ya akina mama. Hatukubali. Katika Ulaya ya zamani vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa vya wanaume. Na katika altare ya Buxtehude, iliyochorwa Ujerumani yapata mwaka 1400, Bikira Maria anafuma kanzu ndogo kwa sindano nne, kwa mzunguko, namna isiyohitaji mshono.

Lakini linalorukwa na karibu wote, wavulana kwa wasichana, ni kipande cha kujaribia. Tumemwona binti mmoja akifumua kazi ya wiki mbili, mdogo wake amesimama mbele yake mikono juu, triko limekwama kifuani. Hesabu yake ilikuwa sahihi: alitaka mzunguko wa sentimita 60, maelezo yakataja vitanzi 20 kwa sentimita 10, akaanzisha 120. Ila mkono wake hukaza. Katika sentimita 10 hutia vitanzi 24. Basi 120 vikampa sentimita 50.

Fumeni kwanza mraba unaozidi kidogo sentimita 10, ulazeni mezani bila kuuvuta, mhesabu. Anayekaza achukue sindano nene zaidi. Asijilazimishe kulegeza vidole, maana akichoka vitarudia desturi yao. Mwaogopa kupoteza uzi, nao ni ghali? Haupotei. Kipande kikishahesabiwa hufumuliwa, na uzi wake ukaviringwa tena kwenye donge.